Hapa Si kwa Baba Yako

Bukta iwe ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiwe na zipu. Iwe na mfuko mmoja tu, na mfuko huo uwe nyuma. Urefu wake uishie magotini. Fulana ya kijani. Raba za kijani au za bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Trakisuti. Nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Na nauli ya kwenda na kurudi.

Ndivyo Jeshi la Kujenga Taifa linavyowaambia vijana wa kidato cha sita wakishamaliza mtihani wao wa Mei na majina yakishatoka: nani anakwenda Ruvu, nani Mafinga, nani Bulombora kule Kigoma, nani Makutupora hapa kwetu Dodoma. Mwaka huu orodha hiyo imeingia nyumbani kwangu, nami nimeisoma kwa makini kuliko nilivyowahi kuusoma mkataba wangu wa ajira. Nilikuwa natafuta mahali wazazi tulipotajwa. Tumetajwa kwenye neno moja: nauli.

Sasa sikiliza habari ya bukta. Soko la Sabasaba lina bukta za bluu za kutosha kuvisha mkoa mzima. Zipo zenye mifuko ya pembeni, zenye zipu, zenye mstari mweupe, zenye nembo za timu za Ulaya ambazo hazijui kama kuna mji unaitwa Dodoma. Yenye mfuko mmoja wa nyuma huwa haionekani mpaka wiki ile tangazo linapotoka. Hapo ghafla kila meza imeandikwa "BUKTA ZA JKT", na bei nayo imeshavaa buti. Muuzaji mmoja aliniona nimekunja uso, akanishauri ninunue ya mifuko miwili ya nyuma kisha fundi aushone mmoja uzibe. Fundi alikuwa hapo hapo chini ya mwavuli, cherehani tayari, uzi wa bluu umeshapita kwenye sindano. Nikajua hawa wawili wana makubaliano ya siku nyingi. Nilimuuliza fundi mfuko mmoja unamtosha nini mtu wa kukaa porini miezi mitatu. Akanijibu bila kuinua macho, "Mzee, kuruta ana nini cha kuweka mfukoni?"

Binti akaenda. Kambi yake siitaji. Ikishatajwa hapa, Jumamosi, siku ya ukaguzi nyumbani kwetu, nitaulizwa nani kaniruhusu. Mama yake alikuwa anaamka saa kumi alfajiri na kusema gizani, "Saa hizi mwanangu anakimbia." Mimi nasema, "Hata mimi nilikimbia." Yeye anageukia ukutani.

Mwanzoni mwa Septemba akarudi, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Alishuka kwenye bodaboda amekauka, ameungua na jua, shingo imenyooka. Akasimama mlangoni akatamka "Shikamoo baba!" kwa sauti iliyomfanya jirani wa nyumba ya tatu aitikie. Mimi nikaitikia marahaba, na nilipojitazama nikakuta nimeshasimama mguu sawa, mikono pembeni. Mwili una kumbukumbu zake.

Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili, kabla ya adhana, nikasikia fagio uwanjani. Anafagia kwa mistari iliyonyooka, kutoka ukutani hadi getini, anarudi kinyumenyume ili asikanyage kazi yake. Kuku walikuwa wamesimama upande mmoja wanasubiri ruhusa. Nikamwambia mke wangu, unaona, mtoto amekomaa, pesa ya bukta haikupotea. Nilisema hivyo nikiwa bado kitandani, sijajua kwamba akimaliza uwanja anaingia ndani.

Alianza na chumba cha wadogo zake. Akawaamsha, akawapanga mbele ya vitanda, akawafundisha kutandika. Nilichungulia mlangoni, na lazima niseme kazi ile ina ufundi. Shuka ya chini inavutwa pande zote mpaka isibaki kunyanzi hata moja. Kwenye pembe ya godoro, unainua ukingo wa shuka na kuulaza juu, unaisukuma chini ile sehemu inayoning'inia, kisha unauteremsha ukingo wako na kuuingiza nao, na pembe inabaki na mkunjo wa mshazari, digrii arobaini na tano. Blanketi linakunjwa mraba, na upande wa mkunjo unatazama mlangoni, kwa sababu mkaguzi anaingilia mlangoni na mkaguzi hapendi kuona ncha za blanketi. Viatu vinakaa chini ya kitanda, ncha nje, vyote kwenye mstari mmoja. Kuhakikisha mstari, alifunga uzi kutoka mguu wa kitanda hiki hadi mguu wa kitanda kile, akasogeza ndala za kitinda mimba kwa kidole mpaka zikaugusa. Kisha akautoa uzi, akautia kwenye mfuko wake wa nyuma. Ule mmoja. Kumbe una kazi.

Halafu akaja chumbani kwetu.

Nilimwangalia mke wangu nikitegemea atamkumbusha mtoto mipaka. Mke wangu akasema, "Mwache akague, baba watoto. Kwani una nini cha kuficha?"

Nina cha kuficha. Daktari amenikataza sukari, na mimi nina kashata. Naziweka chini ya godoro upande wa miguuni, kwenye mfuko wa nailoni uliokunjwa bapa, mbinu niliyojifunza jeshini enzi zetu, tulipokuwa tunaficha sukari guru. Binti aliingiza mkono moja kwa moja, bila kupapasa. Alikuwa ameshafundishwa na watu waliowakagua watu waliofundishwa na watu wa enzi zangu. Akaiweka kashata juu ya meza ya kioo cha mama yake, akaitazama, akanitazama, akasema, "Baba, hii ni nini?" Mke wangu naye akasogea kuangalia. Nikasema ni ya wageni.

Kwenye kambi, maafande wana kauli moja kuu ya kuwanyoosha makuruta, nayo imedumu tangu nipite mimi. Kuruta akidai maji ya kuoga ni baridi, akilalamika maharage yana wadudu, akiuliza kwa nini analima wakati alikuja na daftari, anajibiwa: "Hapa si kwa baba yako!" Binti yangu ameirudisha nyumbani kauli hiyo. Tatizo lake ni kwamba akianza kuitamka mbele yangu inamkwama njiani. "Unafikiri hapa ni kwa..." Anameza mate, anasema, "Haya, endelea." Huo ndio ushindi pekee nilioupata mwaka huu, nami nautumia kila nafasi inapotokea.

Lakini kilichonitoa machozi ni kidole. Alipomaliza vitanda, alipitisha kidole juu ya friji. Akakileta mbele ya uso wangu, kimekuwa chekundu. "Na hii ni nini, baba?"

"Hiyo," nikamwambia, "ni Dodoma."

Jamani, tuelewane. Ulikuwa mwezi wa tisa. Tangu Mei hatukuwa tumeona tone. Mvua ya mji huu kwa mwaka huzunguka milimita 550 hadi 600, na hiyo yote hutuangukia kati ya Novemba au Desemba na Aprili, halafu basi. Miezi mingine ni upepo. Unatoka kusini mashariki, unapita kwenye mashamba yaliyovunwa mtama na uwele, unapita kwenye barabara za mitaa yetu ambazo bado zinasubiri lami, unaokota kila kinachookoteka na kukileta sebuleni. Nyavu za mbu haziuzuii. Pazia haliuzuii. Adhuhuri utaona kimbunga cha vumbi kimesimama chenyewe katikati ya kiwanja kitupu, kinazunguka na mifuko ya nailoni, kinatafuta nyumba iliyotoka kupigwa deki. Vumbi hili lilikuwepo mwaka 1973 TANU walipoamua makao makuu yaje huku. Lilikuwepo 2016 wizara zilipoambiwa zifungashe. Lilikuwepo 2018 Bunge lilipopitisha sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Serikali nzima imelikuta hapa na haijaliondoa, leo niliondoe mimi juu ya friji kwa kitambaa?

Na kitambaa kinataka maji. Maji ya mji huu kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na watu tumeongezeka kuliko visima. Kwetu yanafika kwa zamu, na zamu yenyewe haina ratiba ya kumwonyesha mkaguzi. Nilimweleza binti haya yote. Alinisikiliza mikono nyuma, akaniambia kwa heshima kabisa kwamba kuruta hatoi sababu. Kuruta anasema "ndiyo afande", anafuta.

Nikamwambia mimi si kuruta. Nilikaa jeshini mwaka mzima.

Hapa nipewe nafasi kidogo. JKT ilizaliwa tarehe 10 Julai 1963, na wengine wetu tuliomaliza kidato cha sita miaka ya themanini tuliipitia kwa mujibu wa sheria, mwaka mzima, kabla ya kuuona mlango wa chuo kikuu. Hawa wa sasa wanakaa miezi mitatu, wanarudi na simulizi za miaka mitatu. Katikati hapo mpango ulisimama. Kuanzia 1994 mpaka 2013 taifa lilipumzika kutandika vitanda. Ukiwa na bosi aliyemaliza shule ndani ya miaka hiyo, utamjua kwa meza yake.

Sisi kaki zetu tulizitia wanga wa uji wa muhogo mpaka shati likawa linasimama lenyewe. Pasi hakuna. Unachukua kikombe cha bati, unatia makaa, unakipitisha juu ya kola haraka kabla hakijaacha alama ya duara, na wengi wetu tuliapishwa na alama ya duara mgongoni. Suruali unailaza chini ya godoro ikiwa na unyevu, unailalia bila kugeuka. Buti unazipaka kiwi, unatemea mate, unazungusha pamba mpaka uone meno yako kwenye ncha. Halafu saa kumi na mbili anakuja sajenti meja.

Sajenti meja wetu alikuwa na macho ya kuona uzi ulioning'inia ukiwa ng'ambo ya uwanja wa gwaride. Anakuja taratibu, anauinua uzi kwa ncha ya fimbo, anauliza kwa upole, "Hii ni kamba ya kufungia mbuzi?" Kisha kichurachura kuzunguka bwalo. Tulimwogopa. Tunamheshimu hadi leo. Lakini sajenti meja huyo shati lake lilikosa kifungo, kile cha nne kutoka juu, mahali tumbo linapofanya mkutano wake. Kila alipovuta pumzi kumfokea mtu, upenyo ule ulifunguka, na fulana ya ndani ikachungulia. Kombania nzima ilikikagua kifungo kile kwa mwaka mzima. Tulikikagua mguu sawa, macho mbele, kimya. Hakuna aliyemwambia, na sidhani kama kuna aliyemwambia mpaka alipostaafu.

Hapo ndipo ninapogombana na ukaguzi. Kila nilipouona, unateremka. Luteni anamkagua sajenti, sajenti anamkagua koplo, koplo anamkagua kuruta, na kuruta hana wa kumkagua, kwa hiyo anakagua soksi zake. Wa chini kabisa, mwenye mfuko mmoja, ndiye anayeulizwa habari za uzi.

Usidhani ni jeshini tu. Nipo kwenye utumishi, nimebakiza miaka michache kustaafu, ofisi yangu siitaji. Getini pana bango lenye picha za mavazi yasiyotakiwa, kila picha imepigwa mkasi mwekundu: kaptura, suruali za kubana, nguo zinazoonyesha mgongo. Mlinzi amekabidhiwa bango hilo na analitumia. Kijana aliyekuja kuomba kazi ya mkataba anarudishwa kwa sababu ya ndala. Mama aliyetoka Chemba kufuatilia mirathi ya mumewe anaambiwa akatafute mtandio. Mhudumu wa ofisi anakaguliwa kucha. Halafu linakuja gari kubwa lenye vioo vyeusi, mlinzi anapiga saluti, geti linafunguka, gari linapita. Aliye ndani amevaa nini? Hakuna anayejua. Anaweza kuwa na bukta. Anaweza kuwa na bukta ya mifuko miwili, yenye zipu.

Katika historia yetu nimeona ukaguzi ukipanda juu mara chache, na si zote zilikuwa za heri. Januari 1964, askari wa kawaida wa Tanganyika Rifles pale Colito, Dar es Salaam, waliamua wao ndio wawakague maofisa wao Waingereza. Walikuwa na hoja: mishahara midogo, na nchi imeshapata uhuru lakini wakubwa bado ni walewale. Hoja nzuri, njia mbaya, maana waliwakagua wakiwa na bunduki, na serikali ya nchi changa ikatikisika. Mwalimu Nyerere alilazimika kumeza uchungu na kuwaomba Waingereza msaada. Tarehe 25 Januari makomandoo wa Royal Marines, kikosi cha 45, wakateremka kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, na mambo yakaisha asubuhi hiyo. Vijana wa Marine wenye bereti za kijani, mbali na kwao, wamesimama kwenye mchanga wa Colito wanakusanya silaha za vijana wenzao. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ, likichota vijana kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na hao hao wa JKT. Colito nayo ikaja kuitwa Lugalo, kwa jina la mahali Mkwawa alipowapiga Wajerumani mwaka 1891.

Mara nyingine ilikuwa Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu waliambiwa wataingia JKT kwa lazima, na kwamba kwa miezi 18 watafanya kazi wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Wakavaa majoho, ndiyo sare yao, wakaandamana hadi Ikulu kumweleza Mwalimu kwamba miili inaweza kwenda kambini lakini mioyo haitakwenda. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaka. Aliwarudisha nyumbani wanafunzi zaidi ya 300 wakalime na wazazi wao, na papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wanapenda kusimulia jinsi vijana walivyofukuzwa. Mimi napenda hiyo asilimia 20. Vijana walikuwa wamejileta wenyewe kukaguliwa, na mkaguzi, katikati ya hasira zake, akajitazama kifungo.

Nilimweleza binti hadithi hii tukiwa tunakula. Akasema, "Asante baba," kisha akawaambia wadogo zake kijiko kinashikwaje.

Halafu akaleta simu. Alitaka kunionyesha kwamba duniani kote mambo ni hayo hayo, hata kwa Marine wa Marekani. Nikaona vijana wadogo, wengine hawajaota ndevu, wako kwenye mabweni yao Alhamisi usiku, wamepiga magoti wanasugua choo kwa mswaki, kwa sababu Ijumaa asubuhi kuna ukaguzi. Wanatafuta nyuzi kwenye sare za wenzao na kuziunguza kwa kiberiti. Mmoja amesogeza kitanda anafuta vumbi juu ya swichi ya taa. Juu ya swichi! Nikamwonea huruma mtoto wa watu. Angalau yeye hayuko Dodoma.

Ila hao Marine nimewapendea kitu kimoja: wanajua kulalamika. Mwaka 2011 wakubwa wao waliamuru mikono ya kombati isikunjwe tena, ishushwe mpaka kwenye kifundo cha mkono kiangazi na masika. Kwa mtu wa nje, mkono wa shati ni mkono wa shati. Kwa Marine, ule mkunjo wa juu ya kiwiko, uliopigwa pasi na kubana msuli, ndio uliokuwa unamtofautisha na majeshi mengine. Vijana wakanung'unika. Wakanung'unika kwenye bwalo, wakanung'unika kila mkuu wao, Jenerali James Amos, alipopita kuuliza kuna swali gani. Jenerali anakuja kuzungumzia vita na bajeti, kijana wa cheo cha chini kabisa ananyoosha kidole: mikono yetu lini? Mwaka 2014 jenerali akasalimu amri, mikono ikapanda tena. Nilimwambia binti: soma hapo. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoielewa, mtu anasimama mguu sawa na kunung'unika kwa utaratibu mpaka mkubwa achoke. Akasema JKT hakuna kipindi hicho kwenye ratiba.

Suala la koti sikutaka kuliandika, lakini limenigusa. Nina koti la mabaka ya kijani nililolipata mitumbani, zito, zuri kwa baridi ya Juni, maana watu wa Pwani hawaamini lakini Dodoma usiku wa Juni unatetemesha. Koti hilo si la jeshi lolote. Kwenye kola pana lebo yenye picha ya bata. Lilishonwa kwa ajili ya wawindaji wa bata wa Ulaya. Sasa sheria yetu inakataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba, wenye nazo wazisalimishe. Siku zile nililitundika koti ndani kabisa ya kabati, nyuma ya suti ya harusi, nikasema tutaonana hali ikitulia. Hali ikatulia. Binti hajatulia. Alilitoa kwa vidole viwili, akalitundika sebuleni kwenye msumari wa kalenda, akanisomea sheria.

"Ni la bata," nikamwambia.

"Ukikutana na askari barabarani, baba, utamwonyesha lebo?"

Mke wangu alicheka hadi akashika mlango. Koti limekwenda kwa fundi, limegeuzwa ndani nje, sasa mabaka yako ndani na nje ni kitambaa cha kahawia. Nalivaa hivyo. Bata ananichoma shingoni.

Chuo kilipokaribia kufunguliwa nilihesabu siku kimoyomoyo. Binti alipangiwa chuo hapa hapa mjini, lakini bweni ni bweni, na nilijua kwamba Jumamosi yangu itarudi kuwa yangu: gazeti, chai, vumbi juu ya friji limelala salama. Nilimsaidia kufunga begi. Nilimtafutia hata bajaji.

Kabla hajapanda akaomba familia ikusanyike uwanjani. Kulikuwa na makabidhiano. Akamwita kitinda mimba, yuko darasa la tatu, amevaa ile bukta ya bluu iliyomfika kwenye kifundo cha mguu, akamkabidhi filimbi, uzi wa kupimia viatu na daftari la ukaguzi. Wakapigiana saluti. Mama yao akapiga vigelegele. Mimi nilidhani ni mchezo, nikapiga makofi.

Jumamosi iliyofuata saa kumi na mbili ikalia filimbi mlangoni kwangu. Kitinda mimba ana macho makali kuliko dada yake, kwa kuwa ni mfupi na anaona chini ya vitu. Aliikuta kashata mpya kabla sijavaa miwani. Akafungua daftari, akalamba penseli, akaanza kuandika majina yangu kwa herufi kubwa, tena yote matatu. Nikamshika bega, nikamwuliza kama angependa ubuyu. Penseli ikasimama. Aliuliza ubuyu wa rangi gani.

Kwa hiyo sasa tunaelewana. Kashata zipo mahali pake, koti liko kwenye kabati, na friji imepata alama kumi kwa kumi mfululizo bila kuguswa na kitambaa. Tatizo ni kwamba mkaguzi ameanza kukua kikazi. Wiki iliyopita alichukua pakiti moja ya ubuyu wa mia mbili. Jana jioni alinifuata nikiwa natazama taarifa ya habari, akanong'ona kwamba kesho bei itakuwa mia tano, kwa sababu mama naye ameshaanza kumuuliza bei.